Sura ya 4: Ndiva Ikijaa, Fungua

Swali ambalo wanaoanza Python huuliza sana haliji wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza mambo ni mteremko: unaandika `print`, maneno yanatokea kwenye skrini, unafurahi. Unajifunza kigeu, yaani jina unaloipa thamani ili uitumie baadaye, kama `bei = 1500`. Kisha unafika kwenye `if` na `while`, unamfuata mwalimu mstari kwa mstari, unamwelewa. Unafunga somo, unafungua ukurasa mtupu, na mkono hauendi. Hapo ndipo swali linapokuja: "Mbona nikisoma naelewa, nikiandika mwenyewe nakwama?"

Wengi hujijibu wenyewe kwamba shida ni Kiingereza, au hesabu. Sikubaliani nao. Maneno ya Kiingereza utakayoyahitaji katika sura hii ni machache, na hesabu zake ni za shule ya msingi. Kinachomkwamisha mtu ni kwamba hajaisema kanuni yake mpaka mwisho. Anajua kwa jumla anachotaka, ila hajaamua nini kifanyike hali ikiwa tofauti, wala kazi ikome lini. Ukimwambia binadamu nusu ya kanuni, nusu ya pili ataijaza mwenyewe. Kompyuta haijazi kitu.

Kwa hiyo tutaanza na kanuni ambayo watu wameitumia kwa vizazi bila kompyuta yoyote, halafu tuihamishie kwenye Python kipande kwa kipande.

## Maji ya Upare

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, akikaribia Same, huona upande mmoja nyika kavu na upande wa pili Milima ya Upare. Kilele cha juu kabisa ni Shengena, mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Mawingu huishia kule juu. Mvua inayowanyeshea watu wa mlimani haiwafikii wa chini, na kinachowafikia ni vijito vinavyoteremka kwenye makorongo.

Vijito hivyo ni vyembamba. Ukikielekeza kimoja moja kwa moja kwenye mfereji mrefu wa shamba, maji yatanywewa na ardhi kabla hayajafika mwisho. Ndiyo sababu Wapare walijenga ndiva: bwawa dogo kwenye mteremko linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi likifunguliwa, maji yote hutoka kwa pamoja, kwa nguvu, na kuwahi kufika mashambani. Mojawapo inayojulikana ni Manoo, kijijini Bangalala. Kujenga na kusafisha mifereji ni kazi ya msaragambo, kila mwenye shamba anatoka na jembe lake, na maji hugawanywa kwa zamu.

Tuiandike kanuni hiyo kwa ufupi, bila Python:

1. Usiku, ingiza maji mpaka ndiva ijae.
2. Asubuhi, ikiwa yametosha, fungua. Kama hayajatosha, fanya jambo jingine.
3. Yakifunguliwa, kila kundi lipate zamu yake.

Mstari wa kwanza ni kazi inayorudiwa mpaka hali fulani ifikiwe. Wa pili ni uamuzi. Wa tatu ni kazi inayorudiwa kwa kila mmoja aliye kwenye orodha. Programu nyingi utakazowahi kuandika zimejengwa kwa mambo haya matatu, ukiongeza kuhifadhi thamani na kuchapa matokeo.

## Uamuzi: if na else

Tuanze na mstari wa pili kwa sababu ndio mwepesi. Sharti ni usemi ambao kompyuta inaweza kuupima na kupata jibu moja kati ya mawili: kweli au si kweli. "Maji yana kina cha mita moja na nusu au zaidi" ni sharti. "Maji ni mengi" si sharti, kwa sababu mengi ya nani?

```
kina = 1.6

if kina >= 1.5:
    print("Fungua")
else:
    print("Subiri")
```

Alama `>=` husomwa "ni kubwa kuliko au sawa na". Nukta mbili mwishoni mwa mstari wa `if` hutangaza kwamba kinachofuata ni amri zinazotegemea sharti hilo. Amri hizo zimesogezwa ndani kwa nafasi nne. Kusogeza huko si pambo. Lugha nyingine nyingi hutumia mabano kuonyesha amri zipi ziko chini ya sharti lipi. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuitengeneza Python mwishoni mwa 1989 na kuitoa 1991, aliamua nafasi tupu zifanye kazi hiyo. Ukisahau kusogeza utapata ujumbe wa `IndentationError`. (Jina Python, tukiwa hapa hapa, halikutoka kwa chatu. Lilitoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.)

Anayeandika kwa simu huteseka zaidi na nafasi hizi, maana kibodi ya kawaida ya simu haikutengenezwa kwa kazi hii. Tumia programu iliyotengenezwa kwa ajili yake, kama Pydroid 3 kwa simu za Android, au Thonny kwa kompyuta. Zote mbili husogeza zenyewe ukishaweka nukta mbili na kushuka mstari.

## Uniti ya 76

Sasa tuone kanuni isiyosemwa mpaka mwisho inavyogharimu. Katika bei za umeme za mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa uniti zinazozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mwanafunzi akiambiwa aandike programu ya kukokotoa gharama, mara nyingi ataandika hivi:

```
uniti = 76

if uniti <= 75:
    gharama = uniti * 100
else:
    gharama = uniti * 350

print(gharama)
```

Programu inaendeshwa bila malalamiko na inachapa 26600. Badilisha 76 iwe 75, inachapa 7500. Yaani uniti moja ya ziada imempandishia mwenye nyumba bili kwa zaidi ya shilingi 19,000. Angeweza kukimbilia ofisini kugombana, na angekuwa na haki.

Python haijakosea popote. Kanuni inasema 350 ni kwa uniti *zinazozidi*; aliyeandika amezitoza zote. Marekebisho ni ya mstari mmoja:

```
else:
    gharama = 75 * 100 + (uniti - 75) * 350
```

Sasa uniti 76 zinatoa 7850, na uniti 90 zinatoa 12750. Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi. Kosa la namna hii halitoi ujumbe mwekundu. Programu inakupa namba, namba inaonekana ya heshima, na usipoipima pale mpakani hutajua. Kila unapoandika sharti lenye namba, ijaribu programu mara tatu: kwa namba iliyo chini kidogo ya mpaka, kwa mpaka wenyewe, na kwa iliyo juu kidogo. Hapa ni 74, 75 na 76.

## Njia zaidi ya mbili

Mara nyingine uamuzi una njia nyingi. Matokeo ya kidato cha nne ni mfano ambao hakuna mzazi asiyeufahamu: 75 na kuendelea ni A, 65 ni B, 45 ni C, 30 ni D, chini ya hapo F. Python ina `elif`, inayomaanisha: ikiwa la juu limekataa, jaribu hili.

```
alama = 82

if alama >= 75:
    print("A")
elif alama >= 65:
    print("B")
elif alama >= 45:
    print("C")
elif alama >= 30:
    print("D")
else:
    print("F")
```

Kompyuta husoma kuanzia juu, na ikikuta sharti la kwanza lililo kweli inatekeleza amri zake na kuruka yote yaliyobaki. Kwa hiyo mpangilio una uzito. Geuza, uanze na `alama >= 30`, na huyu mwenye 82 atapewa D, kwa sababu 82 kweli inazidi 30. Na ukiandika `if` badala ya kila `elif`, kila sharti litapimwa peke yake, mtoto apate A, B, C na D kwa mpigo.

Upare ina historia yake ya viwango vya namna hii. Katika miaka ya 1940, chini ya Waingereza, iliingizwa kodi iliyoitwa mbiru: kila mtu akadiriwe kwa mali yake na atozwe kulingana na makadirio hayo. Kwenye karatasi hilo ni `if` na `elif` tupu. Tatizo ni kwamba watu hawakuona mipaka ilipo. Mkadiriaji alisema wewe ni wa kiasi hiki, jirani yako wa kiasi kile, na hapakuwa na kipimo ambacho mtu angekishika akajikokotolea mwenyewe. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani na kukusanyika Same, yalikokuwa makao makuu ya wilaya, wakagoma kuondoka. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliingia kwenye mgogoro. Hawakukataa kulipa kodi, walikataa mbiru. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1971, na kabla muongo ule wa arobaini haujaisha kodi yenyewe ilikuwa imeachwa.

Ukiandika programu inayopanga watu kwenye makundi, iwe ya mikopo ya kikoba au ada za shule, masharti yake yaandike hivi kwamba mwanachama akija kuuliza "mbona mimi niko hapa?" unaweza kumwonyesha mstari.

Kwa ufupi: sharti hujibiwa kweli au si kweli; `if` hufungua njia, `elif` huongeza njia nyingine, `else` hupokea waliobaki; jaribu mipakani.

## Kila gunia: for

Kitanzi ni amri zinazorudiwa. Namna ya kwanza ya kitanzi ni `for`, ambayo huchukua orodha na kupita kwa kila kitu kilichomo. Orodha huandikwa ndani ya mabano ya mraba.

Twende Mamba Miamba, upande wa mashariki wa wilaya ya Same, kwenye tangawizi. Mnunuzi amefika na mizani. Magunia matano yamepimwa, na tunataka jumla ya kilo. Tunataka pia kujua yapi ni lumbesa, gunia lililoshindiliwa kupita kiasi, maana taratibu za vipimo nchini haziruhusu gunia la mazao lizidi kilo 100.

```
magunia = [92, 104, 88, 117, 100]
jumla = 0

for kilo in magunia:
    jumla = jumla + kilo
    if kilo > 100:
        print("Lumbesa:", kilo)

print("Jumla:", jumla)
```

Kigeu `kilo` hubadilika kila mzunguko: kwanza ni 92, kisha 104, mpaka mwisho wa orodha. Mstari `jumla = jumla + kilo` huwatatiza watu kwa sababu kwenye hesabu za shule hauwezi kuwa sahihi. Hapa alama ya `=` haisemi pande mbili zinalingana. Inasema: kokotoa ya kulia, kisha iweke kwenye jina la kushoto. Chukua jumla ya sasa, ongeza kilo za gunia hili, jibu liwe jumla mpya. Ni kile kile mwandishi wa mzani anachokifanya kwenye daftari lake.

Programu inachapa lumbesa mbili, 104 na 117, na jumla 501. Gunia la kilo 100 kamili halikuguswa, kwa sababu tumeandika `>` na siyo `>=`. Hapo tena ni mpaka.

Angalia `jumla = 0` imekaa wapi: juu ya kitanzi, nje. Ihamishie ndani, chini ya `for`, na jibu litakuwa 100. Kila gunia jipya likifika, daftari linafutwa na kuanza upya, na mwisho linabaki gunia la mwisho tu. Angalia pia `print` ya mwisho: imeandikwa kwenye ukingo, kwa hiyo inatekelezwa mara moja kitanzi kikishakwisha. Isogeze ndani, nawe utachapiwa jumla mara tano. Nafasi nne tu, na matokeo ni mengine.

Usipokuwa na orodha na unataka tu kurudia mara kadhaa, tumia `range`. `range(1, 8)` hutoa 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7. Nane haimo. Usibishane nayo, zoea kwamba namba ya pili ni ya kukomea, haihesabiwi.

## Mpaka ijae: while

`for` inajua tangu mwanzo itazunguka mara ngapi. `while` haijui. Yenyewe huendelea madamu sharti lake ni kweli, na hupima upya kabla ya kila mzunguko. Ndiyo inayofaa kwa ndiva, kwa sababu jioni hakuna anayejua itajaa saa ngapi.

Tuseme ndiva yetu inachukua mita za ujazo 200, na kijito kinaingiza 30 kwa saa. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya hesabu tu.

```
ujazo = 200
mtiririko = 30
maji = 0
saa = 0

while maji < ujazo:
    maji = maji + mtiririko
    saa = saa + 1

print("Saa:", saa, "Maji:", maji)
```

Usiiendeshe kwanza. Chukua kalamu na uifuatilie kwenye daftari. Hili ndilo zoezi moja ambalo ningemlazimisha kila anayeanza alifanye, hata kama ataona ni la kitoto:

```
saa    maji    maji < 200?
0      0       kweli
1      30      kweli
2      60      kweli
3      90      kweli
4      120     kweli
5      150     kweli
6      180     kweli
7      210     si kweli
```

Baada ya saa ya saba kitanzi kinakoma. Maji ni 210, kumi zaidi ya uwezo wa ndiva. Kwenye uhalisia hayo yangemwagika. Programu hupima mwanzoni mwa mzunguko tu. Katikati ya saa ya saba haikuwa inatazama.

Sasa mtu mmoja anasema: mimi nataka isimame ikifika 200 kamili. Anaandika `while maji != ujazo`, yaani "madamu maji hayalingani na ujazo". Rudi kwenye jedwali. Kutoka 180 tunaruka mpaka 210. Hatukupita 200. 210 hailingani na 200, basi endelea: 240, 270, 300, bila mwisho. Hicho ni kitanzi kisichokoma. Skrini inakaa kimya au inamwaga mistari, simu inapata moto. Kwenye kompyuta unakikatiza kwa kubonyeza Ctrl na C pamoja. Kwenye simu tafuta kitufe cha kusimamisha au funga programu. Hutaharibu kitu.

Chanzo cha kawaida zaidi cha kitanzi kisichokoma ni kusahau mstari unaobadilisha kigeu kilichomo kwenye sharti. Futa `maji = maji + mtiririko` na maji yatabaki 0 milele. Kila ukiandika `while`, jiulize: ndani ya kitanzi hiki, ni kitu gani kinachobadilika kuelekea kulifanya sharti kuwa si kweli? Usipokiona, hakipo.

## Mwaka wa ukame

Kuna hali moja ambayo msimbo wetu, yaani maandishi ya programu, hauna jibu lake. Weka `mtiririko = 0`. Mstari wa kuongeza maji upo, unatekelezwa, lakini unaongeza sifuri. Kijito kimekauka na programu inasubiri ndiva ijae.

Wakulima wa Bangalala hawasubiri hivyo. Kukipambazuka, kumepambazuka, kilichomo ndicho kitakachogawanywa. Kanuni yetu ya mwanzo, "ingiza maji mpaka ndiva ijae", haikuwa imekamilika. Iliyo kamili ni: mpaka ijae *au* kuche, lolote litakalotangulia. Tukiupa usiku saa 12:

```
while maji < ujazo and saa < 12:
```

`and` inataka masharti yote mawili yawe kweli ili kitanzi kiendelee. Ndiva ikijaa, la kwanza linaanguka. Kukicha, la pili linaanguka. Lolote likianguka, kitanzi kinakoma. Zingatia kwamba tunasema "ijae *au* kuche" lakini tunaandika `and`, kwa sababu sisi tunataja hali ya kusimama na `while` inataja hali ya kuendelea. Hapo hukosea hata wazoefu.

`or` yenyewe hutosheka na sharti moja. Mfano wake mzuri ni usiku wenyewe. Saa ya kompyuta huhesabu 0 hadi 23, ambapo saa 12 jioni yetu ni 18 na saa 12 asubuhi ni 6. Usiku ni `saa >= 18 or saa < 6`. Ukiandika `and`, unaitafuta saa ambayo wakati huo huo ni 18 au zaidi na iko chini ya 6. Saa hiyo haipo, na programu yako haitaona usiku maisha yake yote.

## Kuunganisha yote, na kundi la chini

Tuna makundi matatu ya wenye mashamba: Juu, Kati na Chini. Ndiva ikijaa, wote watatu wanapata siku hiyo. Ikiwa na 100 au zaidi, inatosha wawili. Chini ya hapo haifunguliwi. Mtiririko ni 10 kwa saa, kwa hiyo usiku mzima unatupa 120.

```
if maji >= ujazo:
    zamu = ["Juu", "Kati", "Chini"]
elif maji >= 100:
    zamu = ["Juu", "Kati"]
else:
    zamu = []

for kundi in zamu:
    print("Zamu ya kundi la", kundi)
```

Orodha tupu, `[]`, haileti hitilafu. Kitanzi cha `for` kinaizunguka mara sifuri na kuendelea. Programu inachapa Juu na Kati. Iendeshe kesho yake, mtiririko ule ule: Juu na Kati. Keshokutwa: Juu na Kati. Kundi la Chini halitapata tone msimu mzima, na hakuna mstari hata mmoja wenye kosa la Python. Tuliandika wawili wa kwanza, tukapewa wawili wa kwanza.

Kilichokosekana ni kumbukumbu. Programu haikumbuki nani alipata jana. Tuipe foleni: anayehudumiwa anatoka mbele na kwenda nyuma.

```
foleni = ["Juu", "Kati", "Chini"]

for siku in range(1, 4):
    ujazo = 200
    mtiririko = 10
    maji = 0
    saa = 0

    while maji < ujazo and saa < 12:
        maji = maji + mtiririko
        saa = saa + 1

    if maji >= ujazo:
        idadi = 3
    elif maji >= 100:
        idadi = 2
    else:
        idadi = 0

    for zamu in range(idadi):
        kundi = foleni.pop(0)
        print("Siku", siku, "kundi la", kundi)
        foleni.append(kundi)
```

`foleni.pop(0)` humtoa wa mbele kabisa. Python huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo wa kwanza ana namba 0. `foleni.append(kundi)` humweka nyuma. `range(idadi)`, yenye namba moja tu, huzunguka mara hizo. Matokeo ni haya: siku ya 1 Juu na Kati, siku ya 2 Chini na Juu, siku ya 3 Kati na Chini. Kwa siku tatu, kila kundi limepata mara mbili.

Tazama pia ni vigeu vipi viko ndani ya kitanzi cha siku na kipi kiko nje. `maji` inarudi sifuri kila jioni, kwa hiyo iko ndani. `foleni` lazima ikumbuke jana, kwa hiyo iko nje. Ni suala lile lile la daftari la tangawizi.

## Mazoezi

La kwanza. Badilisha `mtiririko` uwe 8, kisha 9, halafu 17. Andika kwenye daftari unachotarajia kabla ya kuendesha. Mmoja kati ya hiyo hautafungua ndiva hata siku moja. Upi, na maji yanakwenda wapi? Kwenye msimbo wetu kila jioni tunaanza na sifuri hata kama maji ya jana hayakutumika. Rekebisha hilo.

La pili. Kundi la Kati limekosa kuja msaragambo, na kamati imeamua lirukwe siku moja bila kupoteza nafasi yake mbele ya foleni. Iandike kanuni hiyo kwanza kwa maneno, umpe mtu mwingine aisome, ndipo uiandike kwa Python.

La tatu. Mto wa Vudee hupita Vudee kabla ya kushuka Bangalala. Weka ndiva mbili kwenye kijito kimoja. Ya juu inachukua maji saa sita za kwanza za usiku, ya chini saa sita zilizobaki. Ya juu ikijaa katika saa ya nne, saa mbili zilizobaki kwenye zamu yake ni za nani? Kanuni hii haijasema, na Python haitakuamulia.